Nane na Nusu ni ya Waoga

Jumatatu, 8 Septemba 1997

Daktari amesema kaka Emmett hataiona theluji ya mwaka huu. Mapafu yamekwisha. Maisha yake yote aliyeyusha chuma kiwandani, na vumbi la kule limemjaa kifuani. Emmett akamwuliza daktari: theluji ya mapema au ile inayochelewa? Daktari hakucheka. Nilicheka mimi. Nikatazamwa kama muuaji.

Njiani kurudi nyumbani akaniambia anataka kitu kimoja tu. Hataki mchungaji. Hataki kupelekwa Florida kuota jua. Anataka kulisikia gari la marehemu baba likikimbia robo maili, na injini tuliyoiunda wenyewe ikiwa ndani yake. Siku iwe Jumamosi, tarehe 4 Oktoba, siku ya mwisho ya mbio kabla uwanja haujafungwa kwa majira ya baridi.

Nikamwahidi. Nilitoa machozi. Machozi ya kweli!

Kisha nikakumbuka kwamba Royce Tackett naye atashindana siku hiyo. Royce mwenye duka la matairi. Royce aliyemwoa Lorna, mke wangu wa zamani, na sasa anavaa jaketi langu la ngozi nililolisahau kabatini. Nikimshinda mbele ya kaunti nzima, kaka yangu akisikiliza! Wema na kisasi katika safari moja. Nimelala vizuri.

Jumatano, 10 Septemba

Nimelikokota kochi mpaka gereji ili Emmett asimamie kazi akiwa amelala. Chupa yake ya oksijeni nimeifunga kwenye mguu wa meza ya vifaa. Hawezi tena kushika spana. Kazi ya mwisho iliyofanywa na mikono yake ni hedi za injini hii, zile zinazofunika silinda. Alizichonga na kuzing'arisha ndani majira yote ya kuchipua, akipumzika kila baada ya dakika chache, mpaka njia za hewa zikawa laini kama koo la njiwa. Hakuna hedi kama hizi Indiana nzima.

Tumebishana kuhusu pistoni. Emmett anataka zenye kompresheni ya nane na nusu kwa moja. Yaani pistoni ikipanda, hewa iliyojaa silinda ibanwe mpaka ibaki na nafasi moja kati ya nane na nusu. Nikasema nane na nusu ni ya waoga. Hata gari la mwalimu wa shule ya Jumapili lina tisa!

Akanionyesha supachaja, lile dude lililokaa juu ya injini, linalozungushwa na mkanda na kuisukuma hewa ndani kwa nguvu.

"Hii imeshamshibisha mtu kabla hajakaa mezani," akasema. "Tumbo lililoshiba halipigwi ngumi, dogo. Ukibana sana, petroli inawaka yenyewe kabla plagi haijatoa cheche. Hapo injini inagonga. Ikigonga, inakufa."

Nimesikia. Lakini nimesikia pia kwamba namba kubwa ni namba kubwa.

Ijumaa, 12 Septemba

Ushindi mkubwa wa kijasusi! Mchana nilikuwa mgahawani nikila tambi za kuku juu ya viazi vya kuponda. Royce alikaa nyuma yangu na wenzake wawili, hakuniona kwa sababu nilijificha nyuma ya menyu. Nikamsikia kwa masikio yangu akisema: "Ile yangu ni kumi na mbili kwa moja."

Kumi na mbili! Mjinga yule, na sisi tunacheza na nane na nusu! Nikaacha mkate wangu wa tufaha nusu, nikatoka mbio. Nyuma yangu Royce alikuwa bado anaongea, sikungoja. Jasusi mzuri anajua wakati wa kuondoka.

Jumatatu, 15 Septemba

Nimempigia simu muuza pistoni. Emmett alikuwa ameagiza za nane na nusu. Nikasema tumebadili mawazo, tunataka kumi na moja na nusu. Akauliza kama injini ina supachaja. Nikasema nitampigia baadaye. Sikumpigia.

Kwa nini si kumi na mbili? Kwa sababu mimi si mwendawazimu.

Hayo mengine nitayafidia kwa puli, kile kigurudumu kinachovutwa na mkanda. Nimenunua puli ndogo zaidi ya supachaja, izunguke kwa kasi zaidi, isukume hewa zaidi. Emmett hajui. Mgonjwa hapewi habari za kumshtua.

Jumatano, 17 Septemba

Kazi yangu ni kusoma mita za maji za mji huu, na leo imenifaa. Nikaenda kwa Royce kusoma mita ambayo niliisoma wiki iliyopita. Mita iko mbele ya nyumba. Gereji iko nyuma. Nilijikuta nyuma.

Dirisha la gereji liko juu, kwa hiyo nikapanda ndoo. Ndoo ikapinduka. Nikaangukia maua ya Lorna, na mbwa wao, mnyama mdogo asiye na adabu, akanishika suruali. Lorna akatoka. Akaniuliza kama maji yao siku hizi yanapita kwenye maua.

Nikamwambia ni ukaguzi wa kushtukiza. Kisha akaniuliza hali ya shemeji yake. Bado anamwita Emmett shemeji, miaka sita baada ya kuniacha. Nikasema hali si nzuri. Akaingia ndani akarudi na bakuli la pudini, akasema hii ni ya Emmett, Dwight, ya Emmett, umenisikia?

Nilikula nusu tu.

Jumanne, 23 Septemba

Pistoni zimefika. Nzuri! Vichwa vyake vimevimba kama vitumbua. Za nane na nusu huwa na shimo kichwani, kama kisosi. Hata kipofu angezitofautisha kwa kidole. Na tatizo ndilo hilo, kwa sababu Emmett aliomba kushika moja.

Nikafikiri haraka. Nikachimbua sanduku la takataka, nikapata pistoni kuukuu yenye kisosi, nikaifuta, nikampa. Akaigeuza mikononi. Akaipima uzito. Akapitisha kidole gumba kwenye kingo zake.

"Hii ni ya trekta," akasema.

Nikamwambia siku hizi zinafanana, viwanda vimeungana. Chupa ya oksijeni ikawa inapumua badala yetu sote. Kisha akanirudishia ile pistoni, akafumba macho, akasema nifunge bolti za hedi kwa mpangilio, nianzie katikati nikitoka nje, nisizikaze zote kwa mkupuo.

Nilizifunga kwa mpangilio. Sikuwa na raha, na sijui kwa nini.

Ijumaa, 26 Septemba

Tumeiwasha! Karibu isiwake. Starta ilivuta kama ng'ombe anayezaa. Gu… gu… gu… kisha kimya. Emmett alikuwa chumbani, dirisha wazi. Akaita jina langu. Akauliza mbona starta inalia vile, injini ya nane na nusu huzunguka kwa wepesi.

Nikasema betri imechoka. Nikaunga betri mbili. Ikawaka, na mlio wake ukatikisa vikombe jikoni. Yule Bi. Pruitt wa jirani akafunga madirisha yake yote, hata la choo.

Nilipoingia kwa Emmett nilimkuta amekaa kitandani, peke yake, bila mtu kumwinua. Alikuwa anatabasamu. Sijamwona akitabasamu hivyo tangu kabla ya daktari. Kisha akanishika mkono.

"Dwight. Sikuulizi umefanya nini humo ndani," akasema. "Nasema tu. Kama mtu, sisemi nani, kama mtu ametia pistoni za juu, bado anaweza kujiokoa. Arudishe puli kubwa. Acheleweshe moto wa plagi kidogo. Atie petroli ya mbio, siyo ile ya kituoni. Itafika mwisho. Haitashinda, ila itafika."

Nikamwambia huyo mtu, awe nani, ni mjinga sana, lakini sisi hatumo.

Ningefanyaje? Nikirudisha puli ni sawa na kukiri. Mtu hawezi kukiri jambo ambalo hajaulizwa.

Jumapili, 28 Septemba

Royce amekuja hapa! Nyumbani kwangu! Ameleta pipa dogo la petroli ya mbio, ile inayovumilia kubanwa. Amelishusha mwenyewe mlangoni, amevaa jaketi langu. Akasema ni zawadi ya Emmett, kwamba Emmett alimpigia simu kuiomba.

Wanapigiana simu!

Nikamshukuru huku nimeuma meno. Alipoondoka nikalinusa pipa. Lilinuka vizuri mno. Mtu anayekupa petroli wiki moja kabla ya kushindana nawe, ndani ametia nini? Maji? Sukari? Mimi si mtoto. Nikalitia kwenye mashine ya kukatia majani.

Mashine imekata ua wote mbele na nyuma, ikakata na ukingo wa bustani ya Bi. Pruitt. Haijawahi kukata vile tangu tuinunue. Ni wazi kwamba mna kitu ndani yake.

Gari nimelijaza petroli ya kituoni. Emmett ameniuliza kama nimetia ile ya Royce. Nimesema yote, mpaka tone la mwisho. Si uongo. Hakuuliza nimetia wapi.

Jumamosi, 4 Oktoba

Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umefungwa bendeji. Si kitu, ngozi tu.

Asubuhi ilikuwa safi. Baridi kidogo, mahindi yamekauka pande zote mbili za barabara. Lorna alikuja kumchukua Emmett kwa gari lake kwa sababu lina joto la kutosha, akamfunga blanketi mbili na kofia ya sufu. Alimweka kwenye kiti chake cha magurudumu karibu kabisa na uzio, usawa wa kibanda cha soda. Watu wengi walikuja kumsalimia. Nusu ya injini za uwanja ule zimewahi kupita mikononi mwake. Mtu mmoja akampa vizibo vya masikio. Emmett akavitia mfukoni.

Tukapangwa mimi na Royce. Sikuomba. Sawa, niliomba.

Taa zikashuka, ya kijani ikawaka, nikakanyaga. Jamani! Gari la baba likainua pua kama farasi. Kiti kilinisukuma mgongoni. Nikamwona Royce pembeni, kisha nikaona pua ya gari lake tu, kisha sikumwona kabisa. Nilikuwa mbele! Nilimpita Royce Tackett! Nikapiga kelele humo ndani peke yangu. Na nilijua Emmett anasikia, maana nilikuwa nafika usawa wa kibanda cha soda.

Hapo ndipo ikaanza. Mlio mdogo, kama mtu anatikisa misumari ndani ya kopo. Ungelikuwa wakati wa kuinua mguu.

Sikuinua.

Kikatokea kishindo. Boneti ikaruka na supachaja ikaondoka nayo, mkanda ukaning'inia kwenye kioo. Kisha moshi, kisha oili ya moto, kisha nikawa nazunguka na sioni kitu. Nilisimama kwenye majani, nikiwa naangalia nilikotoka. Kipande cha pistoni kilikuwa kimetoboa ubavu wa injini na kulala barabarani, kinafuka.

Wa kwanza kunifikia alikuwa Royce. Alikuwa ameacha mbio zake katikati. Alinivuta nje kwa kola, akazima moto kwa mtungi wake mwenyewe, akawa ananiuliza mara kwa mara kama naona. Nikamwambia nilikuwa mbele. Akasema ndiyo, Dwight, ulikuwa mbele, sasa kaa chini.

Oili ilimwagika mpaka mstari wa mwisho. Mbio zikafutwa. Watu waliotoka kaunti tatu wakapakia magari yao hawajakimbia hata mara moja, wakipita karibu yangu bila kusema neno. Mwingine alisema neno.

Hedi zote mbili zimepasuka. Zile hedi.

Jumapili, 5 Oktoba

Leo asubuhi Emmett akaomba aletewe kipande cha pistoni. Nikampelekea. Safari hii sikuwa na ya trekta. Akapapasa ule uvimbe wa kichwani kwa kidole gumba.

"Kumi na moja?" akauliza.

"Na nusu," nikasema.

Akauliza kwa nini. Nikamweleza yote: mgahawa, menyu, Royce na kumi na mbili yake. Lorna alikuwa jikoni akipasha supu. Akatoka na mwiko mkononi.

"Kumi na mbili ni ya lile pikapu lake la kuvutia mashua," akasema. "Halina supachaja! Mimi nilikuwepo siku ile, nilikuwa naagiza kahawa. Alisema kumi na mbili kwa moja, lakini mwenye supachaja akijaribu hiyo, aandae jeneza. Kila mtu alicheka. Hukusikia?"

Sikusikia. Nilikuwa nimeshatoka.

Nikauliza, basi la mbio lina ngapi?

"Nane na nusu," Emmett akasema. "Nilimchagulia mimi, mwezi wa nne."

Lorna akarudi jikoni. Nikamwambia Emmett samahani. Nilisema kweli. Akakaa akikigeuza kile kipande.

"Mpaka kwenye kibanda cha soda ulikuwa unasikika vizuri," akasema. "Vizuri sana. Sijawahi kusikia kitu kama kile. Ila mimi nilitaka kuisikia ikifika."

Nikatoka nje. Nilisimama uani muda mrefu kama mtu aliyetumwa kitu akakisahau.

Alhamisi, 9 Oktoba

Leo alitaka dirisha lifunguliwe. Wanavuna mahindi shamba la nyuma. Alisikiliza mashine ya kuvunia ikija na kurudi, kisha akasema silinda yake moja haiwaki, mtu amwambie mwenyewe. Nikasema nitamwambia.

Nikaona ana nguvu kidogo, nikaanza kumweleza wazo langu. Nimelifikiria siku nne. Nilimwambia yeye anasema nane na nusu, mimi nasema kumi na moja na nusu, wanaume wawili wenye akili wanaweza kukutana katikati. Kumi! Kumi ni namba ya heshima. Tutafute injini nyingine, nitie kumi, petroli yoyote aitakayo, puli yoyote aitakayo. Nilieleza kwa kirefu. Nilichora hewani. Hakupinga hata mara moja.

Nilidhani amekubali.

Chupa ya oksijeni iliendelea kupuliza peke yake. Nilitafuta mahali pa kuifungia hewa, sikupaona. Miezi yote hii, wa kuifunga na kuifungua alikuwa Emmett mwenyewe. Nilikaa nayo ikipuliza mpaka Lorna akaja.

Jumatatu, 13 Oktoba

Tumemzika karibu na baba na mama. Uwanja wa mbio ulifunga ofisi kwa heshima yake. Walikuja wengi, hata wale ambao hawanisalimii sasa.

Tulibeba jeneza watu sita. Nilipangwa mbele, na upande wa pili akawa Royce. Royce ni mrefu, kwa hiyo jeneza lilinilalia mimi, nikawa natembea kwa ncha za vidole ili nisionekane wa chini. Miguu inaniuma mpaka sasa. Kaburini Royce alilia waziwazi, kamasi na kila kitu. Nikalia zaidi yake. Sikuwa najaribu. Nilianza kwa kujaribu, kisha sikuweza kuacha, Lorna akanipa leso na kuniambia nikakae pembeni nipumue.

Nikaenda pembeni. Pembeni ndiko lilikoegeshwa gari la kubebea maiti.

Sikuwa nimeliangalia asubuhi, kwa majonzi. Lakini ni gari! Refu, jeusi, la miaka ya sabini. Boneti yake unaweza kulala juu yake wewe na mkeo. Dereva wake, mzee mmoja mpole aitwaye Clovis Yoder, alikuwa anavuta sigara nyuma ya mti. Nikamwuliza lina injini gani. Akasema lita nane, silinda nane, na maisha yake yote halijawahi kukimbizwa, limekuwa likienda mwendo wa mazishi tu. Injini kama mpya! Akasema pia wenye nyumba ya mazishi wananunua jingine mwaka mpya, hili hawajui walipeleke wapi.

Nikamwomba aniinulie boneti mara moja. Mchungaji alikuwa amefika kwenye mavumbi kwa mavumbi, nilikuwa nasikia vizuri kutoka pale. Nikatia kichwa ndani. Nafasi tele. Unaweza kuweka supachaja mbili mle, ubakishe na pa kuweka chakula cha mchana.

Clovis akaniuliza kama mimi ndiye ndugu wa marehemu. Nikasema ndiye. Akasema alikuwa uwanjani Jumamosi ile, akanipa pole, kisha akaniuliza kwa upole kama sijapata somo lolote kuhusu kompresheni.

Nikamwambia nimelipata, tena kwa uchungu. Kosa langu lilikuwa kuchukua injini ndogo. Injini ndogo haina pa kupumulia, ndiyo maana kaka, Mungu amlaze pema, alisisitiza nane na nusu. Kwa ile alikuwa sahihi kabisa. Hii ya lita nane ni habari nyingine.

Tumepeana mikono. Nitalichukua Januari.

Nitaanzia kumi na mbili.